Hiari Yashinda Utumwa: Nafasi ya Fedha katika Uchangiaji wa Nguvu za Tarakilishi kwa Utafiti wa Kisayansi

IKISIRI

Tangu mwishoni mwa karne ya 20, watu wa kawaida katika pembe mbalimbali za dunia wamekuwa wakiziazima taasisi za utafiti tarakilishi zao ili zifanye hesabu za kisayansi wakati wenyewe hawazitumii. Wengi wao hawakulipwa chochote. Hata hivyo, mara kwa mara limezuka pendekezo kwamba washiriki hawa watiwe motisha ya fedha. Makala haya yanachunguza yaliyotokea pale fedha zilipoingizwa katika shughuli hiyo, na yanatumia tofauti ya kimaana iliyopo baina ya maneno matatu ya Kiswahili, yaani tuzo, fidia na ujira, kuwa chombo cha uchambuzi. Hoja kuu ni kwamba si sahihi kuuliza iwapo fedha hujenga au hubomoa moyo wa kujitolea. Lililo muhimu ni kuuliza fedha hizo zinatolewa kwa jina gani, kwa maana kila jina huleta nia yake, kishawishi chake na gharama yake.

1. UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba hiari yashinda utumwa. Methali hii hufasiriwa kuwa kazi anayoifanya mtu kwa kupenda mwenyewe huwa bora kuliko ile anayoshurutishwa. Hata hivyo, methali haisemi lolote kuhusu hali ya tatu, nayo ni ya mtu asiyeshurutishwa na yeyote lakini anayeonyeshwa fedha. Je, huyo bado yu katika hiari yake? Swali hili si geni. Hujitokeza katika harambee, katika utoaji wa damu na hata katika kampeni za uchaguzi. Katika miongo mitatu iliyopita limejitokeza mahali papya, ndani ya tarakilishi iliyo mezani pa mtu nyumbani kwake.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba mjadala huu unawahusu wanafunzi wa sayansi pekee. Sivyo. Kwanza, yeye mwenyewe huenda ana kipakatalishi ambacho kwa saa nyingi za siku huwa kimewashwa pasi na kazi kubwa, na ombi la kukiazima linaweza kumfikia wakati wowote. Pili, mjadala wenyewe umetatizwa kwa kiasi kikubwa na matumizi ya neno moja, motisha, kwa mambo yasiyofanana. Kuyatenganisha mambo hayo ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya uchumi.

2. UFAFANUZI WA DHANA

2.1 Ukokotoaji wa Hiari

Katika makala haya, ukokotoaji wa hiari ni utaratibu ambao watafiti huigawa hesabu kubwa katika vipande vidogo vidogo, kisha kila kipande kikatumwa kwa njia ya intaneti kwenye tarakilishi ya mtu aliyejitolea. Programu iliyowekwa humo hukifanyia kazi kipande hicho wakati mwenye mashine ameiacha, hurudisha jibu kwa watafiti, na kupokea kipande kingine. Tarakilishi moja haiwezi kufanya mengi, lakini haba na haba hujaza kibaba. Mashine laki moja zikiunganishwa hivyo huweza kufanya kazi ambayo taasisi nyingi hazina uwezo wa kuigharimia.

Mambo mawili yanafaa kutiliwa maanani tangu mwanzo. La kwanza ni kwamba nguvu zinazotolewa si za bure. Prosesa inayofanya kazi hula umeme mwingi kuliko inayopumzika, na umeme huo hulipiwa na mwenye mashine. La pili ni kwamba mtafiti haoni kinachotendeka katika nyumba ya mshiriki. Hupokea jibu tu, na hana budi kuliamini au kutafuta njia ya kulihakiki. Mengi yatakayojadiliwa hapa yanatokana na mambo haya mawili.

2.2 Tuzo, Fidia na Ujira

Tuzo ni kitu anachopewa mtu baada ya kufanikisha jambo la kipekee. Hupewa wachache, na thamani yake imo katika heshima kama ilivyo katika fedha. Fidia hulipwa ili kurudisha kilichopotea au kilichotumika. Anayefidiwa hatajiriki bali hurudi pale alipokuwa kabla ya kutoa. Ujira nao hulipwa kwa kipimo cha kazi. Kadiri mtu anavyofanya zaidi ndivyo anavyolipwa zaidi, na anayelipa ana haki ya kukagua kazi na kuikataa ikiwa mbovu. Neno motisha limekuwa kapu la kutilia yote matatu. Tukilimwaga kapu hilo, tutaona kwamba yaliyomo hayana tabia moja.

3. HIARI BILA MALIPO

Mfano uliovuma zaidi ni mradi wa SETI@home, uliozinduliwa tarehe 17 Mei 1999 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mradi huo ulichambua mawimbi ya redio kutoka angani ili kutafuta dalili za viumbe wenye akili kwingineko ulimwenguni. Hadi ulipoacha kutuma kazi kwa washiriki mnamo Machi 2020, zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wamewahi kujiunga nao. Hakuna aliyelipwa. Walichopewa ni alama zilizohesabu kiasi cha kazi ambayo mashine zao zilifanya, pamoja na orodha iliyoonyesha nani ametangulia na nani amefuata. Kutokana na uzoefu huo, wataalamu wa Berkeley wakiongozwa na David Anderson waliunda mfumo wa BOINC, ambao ulianza kutengenezwa mwaka 2002 na kuwezesha miradi mingi kutumia utaratibu uleule.

Bara la Afrika halikuachwa nyuma katika matumizi ya mfumo huo. Taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Basel, Uswisi, ambayo uhusiano wake na mji wa Ifakara nchini Tanzania ulianza katika miaka ya 1950, iliendesha mradi wa malariacontrol.net. Mwaka 2006 mradi huo ulitangazwa chini ya mwavuli wa Africa@home, kwa ushirikiano na kituo cha CERN na wadau wengine. Tarakilishi za watu waliojitolea zilitumiwa kuiga namna malaria inavyoenea na namna hatua mbalimbali, zikiwemo chanjo, zinavyoweza kuipunguza. Huenda wengi wa waliotoa mashine zao walikuwa hawajawahi kuugua malaria wala kumwona mgonjwa wake. Walitoa kwa sababu waliombwa, na kwa sababu walielezwa kazi hiyo ingemfaa nani.

Mfano wa tatu ni Folding@home, mradi ulioanzishwa Oktoba 2000 katika Chuo Kikuu cha Stanford ili kuchunguza jinsi protini zinavyojikunja. Mapema mwaka 2020, janga la COVID-19 lilipoenea, mradi huo ulitangaza kwamba utachunguza protini za virusi vya ugonjwa huo. Mamia ya maelfu ya watu walijiunga katika muda wa majuma machache, na uwezo wa pamoja wa mashine zao ukapita hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde. Ukweli unaostahili kuzingatiwa ni kwamba kwa kipindi fulani washiriki wengi walikaa bila kazi. Waliojitolea walikuwa tele, ila seva za mradi zililemewa na vipande vya kutuma vikapungua. Iwapo mtu angependekeza wakati huo kwamba watu walipwe ili wajitokeze kwa wingi, angekuwa ametibu ugonjwa ambao haukuwapo.

Hata hivyo, ni kosa kuipaka hiari rangi ya utakatifu. Katika SETI@home kwenyewe, walipatikana washiriki waliorudisha majibu ya uongo ili wapande katika orodha ya alama. Walidanganya kwa ajili ya sifa tu, bila senti moja kuwa mbele yao. Kwa sababu hiyo, kipande kimoja kilitumwa kwa washiriki zaidi ya mmoja na majibu yakalinganishwa. Uaminifu wa sayansi haukuachiwa wema wa watu peke yake. Funzo la hapa ni kwamba kila kinachohesabiwa huweza kuwaniwa, na kila kinachowaniwa huweza kughushiwa. Fedha hazikuuzua udhaifu huu, lakini huenda zikaukuza.

4. TUZO: MFANO WA NAMBARI TASA

Mradi wa GIMPS ulianzishwa na George Woltman mwaka 1996. Lengo lake ni kutafuta aina maalumu ya nambari tasa, yaani nambari ambazo haziwezi kugawanywa kikamilifu ila kwa 1 na kwa zenyewe. Shirika la Marekani liitwalo Electronic Frontier Foundation liliahidi tuzo nne kwa watakaopata nambari tasa kubwa mno: dola 50,000 kwa nambari ya tarakimu milioni 1, dola 100,000 kwa ya tarakimu milioni 10, dola 150,000 kwa ya tarakimu milioni 100, na dola 250,000 kwa ya tarakimu bilioni 1.

Tuzo ya kwanza ilitolewa mwaka 2000 kwa nambari yenye tarakimu 2,098,960 iliyopatikana mwaka 1999. Ya pili ilitolewa mwaka 2009 kwa nambari yenye tarakimu 12,978,189, iliyopatikana mwaka 2008 kwenye tarakilishi ya idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Katika tuzo hii ya pili, fedha hazikwenda zote kwa mwenye mashine iliyobahatika. Nusu ilikuwa fungu la chuo hicho, robo ikatengewa hisani, na iliyosalia ikawa ya mradi wenyewe na wavumbuzi wengine. Utaratibu huo ulikiri ukweli mmoja muhimu. Mashine iliyopata nambari hiyo haikuwa na ustadi kuliko zile maelfu zilizokosa. Kila iliyokosa ilikuwa imeondoa nambari moja katika orodha ya zile zinazotafutwa, na bila kuondoa huko nambari sahihi isingejulikana ilipo.

Je, tuzo hizi ndizo zilizowavuta watu? Kisa cha mwaka 2024 kinatoa jibu la kiasi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, Luke Durant wa Marekani alipata nambari tasa yenye tarakimu 41,024,320. Hakutegemea tarakilishi ya nyumbani. Alitumia idadi kubwa ya mashine zenye prosesa za michoro, alizozikodi katika nchi 17. Tuzo ambayo mradi hutoa kwa ugunduzi wa kiwango hicho ni dola 3,000, na ile ya dola 150,000 haikumhusu kwa kuwa nambari yake haikufikia tarakimu milioni 100. Kukodi mitambo ya namna hiyo hugharimu fedha nyingi mno kuliko dola 3,000, na hata hizo alitangaza kwamba angezitoa kwa shule aliyosomea huko Alabama. Ni dhahiri kwamba hakuna mfanyabiashara ambaye angeingia katika shughuli hiyo kwa hesabu za faida. Tuzo ilifanya kazi ya kengele, yaani iliwaita watu watazame, lakini waliobaki walibaki kwa mapenzi ya kazi yenyewe.

Tuzo ina faida nyingine katika uhakiki. Anayedai tuzo ya nambari tasa lazima aitaje nambari, na nambari huweza kupimwa upya na wengine kwa mashine na programu tofauti. Kwa hiyo uongo wa mshindi haufiki mbali. Hatari iliyobaki ni ile ya mtu anayedai kwamba amepima na kukosa ilhali hakupima, na ndiyo sababu GIMPS pia imelazimika kuwa na njia za kuhakiki majibu ya waliokosa.

5. UJIRA: KAZI INAPOGEUKA BIASHARA

Mafanikio ya SETI@home yaliwafanya wafanyabiashara waone kwamba mashine zilizolala ni mali. Mwaka 2000 kampuni ya Popular Power ya Marekani ilianza kujenga mfumo wa kukusanya nguvu za tarakilishi za watu, kuziuza kwa wateja, na kuwalipa wenye mashine. Kufikia Machi 2001 ilikuwa imefunga shughuli zake kwa kukosa mtaji. Mwaka huohuo wa 2001, kampuni ya Juno iliyokuwa ikitoa huduma za intaneti bila malipo ilibadilisha masharti yake ili ipate haki ya kuzitumia tarakilishi za wateja wake kwa ukokotoaji, na hata kuwataka waziache zikiwa zimewashwa. Watu walilalamika sana. Hapa methali ya wahenga inasadifu. Nguvu zilezile ambazo mamilioni walikuwa wakizitoa kwa furaha ziliwachukiza watu mara tu zilipodaiwa kuwa malipo ya huduma.

Mwezi wa Oktoba 2013 ilianzishwa sarafu ya kidijitali iitwayo Gridcoin. Waanzilishi wake walitazama sarafu ya Bitcoin, ambayo tangu mwaka 2009 imekuwa ikitumia umeme mwingi katika kutatua mafumbo ya hesabu ambayo nje ya kuulinda mfumo wenyewe hayana manufaa mengine. Wakauliza: kwa nini umeme wa namna hiyo usilipiwe kwa kazi ya sayansi? Gridcoin ikawa inawapa sarafu washiriki wa miradi ya BOINC kwa kadiri ya alama wanazopata. Wazo hili ni zuri, na limewapa baadhi ya watu sababu ya kuendelea kuchangia.

Hata hivyo, utaratibu wake wa asili unaonyesha jinsi ujira unavyoweza kuupotosha mwelekeo bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Sarafu ziligawiwa kwa mafungu sawa kwa kila mradi ulioidhinishwa, kisha fungu la kila mradi likagawanywa baina ya washiriki wake. Kwa hiyo mradi uliokuwa na washiriki wachache ulimlipa kila mmoja zaidi, na uliokuwa na wengi ulimlipa kila mmoja kidogo. Mshiriki aliyefuata fedha alikuwa na sababu ya kuhama kutoka penye msongamano kwenda penye nafasi, bila kuuliza ni utafiti upi wenye uzito. Huenda kuhama huko kuliufaa mradi mdogo uliosahauliwa. Lakini aliyekuwa akiuliza, "Kazi yangu itamfaa nani?" sasa aliuliza, "Wapi panalipa?" Mashine ni ileile na hesabu ni zilezile. Swali ndilo lililobadilika.

Lipo pia tatizo la thamani. Sarafu hupanda na kushuka sokoni. Ujira unaposhuka, aliyekuja kwa ajili ya ujira huzima mashine, na mtafiti aliyepanga kazi ya miaka mitatu hubaki na kazi ya nusu. Katika hiari, mtafiti hutegemea upendo wa watu kwa kazi yake, jambo analoweza kulitunza kwa kuwaeleza maendeleo na kuwashukuru. Katika ujira wa sarafu, hutegemea soko ambalo hana amri nalo.

6. FEDHA NA NIA: USHAHIDI KUTOKA KWINGINE

Wataalamu wa sayansi ya jamii walikuwa wameligusa suala hili kabla ya tarakilishi kuenea. Mwaka 1970 Richard Titmuss wa Uingereza alichapisha kitabu The Gift Relationship, ambamo alilinganisha utoaji wa damu nchini mwake, ambako watoaji hawakulipwa, na hali ya Marekani, ambako baadhi yao walilipwa. Alidai kwamba malipo hayakupunguza tu moyo wa kutoa, bali pia yalishusha ubora wa damu, kwa sababu mwenye shida ya fedha alikuwa na sababu ya kuficha maradhi yake. Ulinganifu na mada hii u wazi. Daktari hawezi kuyaona yote yaliyomo katika damu ya mtoaji kwa macho, na mtafiti haoni kilichofanyika ndani ya mashine ya mshiriki. Wote wawili hutegemea kwamba mtoaji hana sababu ya kudanganya.

Titmuss hakukosa wapinzani. Mwaka 1972 mwanauchumi Kenneth Arrow alihoji ni kwa vipi kumwongezea mtu nafasi ya kuuza kunamwondolea uhuru wa kutoa bure. Swali hilo ni la haki, na jibu lake lilianza kupatikana katika majaribio ya baadaye. Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya nchini Israeli kuhusu wanafunzi wa shule ya upili waliokuwa wakichangisha fedha za hisani nyumba kwa nyumba. Kundi la kwanza halikulipwa, la pili liliahidiwa asilimia 1 ya kiasi kitakachokusanywa, na la tatu asilimia 10. Malipo hayo hayakutoka katika fedha za hisani. Waliokusanya zaidi ni wale wasiolipwa. Waliofuata ni wa asilimia 10, na walioshika mkia ni wa asilimia 1.

Matokeo haya yanamjibu Arrow kwa namna fulani. Uhuru wa kutoa bure haukuondolewa, lakini maana ya kutoa ilibadilika. Mwanafunzi aliyekuwa akijiona mfadhili alianza kujiona kibarua, tena kibarua wa malipo duni. Kwa mradi wa ukokotoaji, onyo ni hili: malipo madogo yaweza kuwa mabaya kuliko kutolipa kabisa, na miradi mingi ya sayansi haina uwezo wa kutoa malipo makubwa.

7. FIDIA NA SUALA LA USAWA

Mpaka hapa yaelekea hiari imeshinda. Lakini kuna upande ambao watetezi wa hiari huusahau kwa urahisi, nao ni wa gharama. Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba ukokotoaji unaongeza matumizi ya umeme ya tarakilishi kwa wati 100, na kwamba mashine inafanya kazi usiku na mchana. Kwa mwaka mzima itatumia yuniti 876 za ziada. Pale ambapo yuniti moja inalipiwa shilingi 25, mwenye mashine atakuwa ametoa shilingi 21,900. Pale ambapo yuniti ni shilingi 10, atatoa shilingi 8,760. Watu wawili wametoa kazi ileile kwa sayansi, lakini mmoja ametoa zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Ikiwa huyo anayelipia umeme ghali ndiye pia mwenye kipato kidogo, basi "hiari" iliyo sawa kwa wote imekuwa mlango ambao wengine hawawezi kuupita.

Sasa ujira uletwe katika mfano huohuo. Mradi ukiwalipa wote wawili shilingi 12,000 kwa mwaka, wa kwanza atakuwa amepata hasara ya shilingi 9,900, na wa pili faida ya shilingi 3,240. Ujira ulio sawa hauponyi ukosefu wa usawa. Huuacha palepale na kumpa faida yule aliyekuwa na nafuu tangu mwanzo. Fidia inayopimwa kwa gharama halisi ya umeme, kinyume chake, ingewaacha wote wawili pale walipokuwa. Hakuna ambaye angetajirika, na hakuna ambaye angezuiwa na bili. Zaidi ya hayo, kwa kuwa fidia haina faida ndani yake, kishawishi cha kughushi majibu hupungua, ingawa hakiishi, maana mtu aweza pia kudai kufidiwa umeme ambao hakuutumia.

Suala la nani hulipia umeme lina upande wa kisheria pia. Mwaka 1999 fundi wa tarakilishi katika chuo kimoja cha ufundi katika jimbo la Georgia, Marekani, aliweka programu ya ukokotoaji katika mashine za chuo. Mradi aliouchangia ulikuwa wa kutafuta ufunguo wa maandishi ya siri, na uliahidi zawadi ya fedha kwa mwenye mashine itakayoupata. Alishtakiwa mwaka 2001, na upande wa mashtaka ukadai hasara ya zaidi ya dola laki 4. Mwezi wa Januari 2002 kesi ilimalizwa kwa makubaliano: mwaka mmoja wa uangalizi, dola 2,100, na saa 80 za kuitumikia jamii. Adhabu aliyotishiwa ilipita kiasi, lakini kisa chenyewe kina funzo kwa mwanafunzi yeyote anayekaa katika maabara ya chuo. Mtu hawezi kujitolea kwa mali isiyo yake. Kutoa cha mwenzio si hiari, hata kama anayepokea ni sayansi.

8. HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba swali la iwapo wanaotoa nguvu za tarakilishi zao walipwe au wasilipwe halina jibu moja, kwa sababu neno kulipwa limebeba mambo matatu. Tuzo huwaita watu na kuwapa heshima, na haileti madhara makubwa mradi ushindi uweze kuhakikiwa na mchango wa waliokosa ukumbukwe. Ujira hugeuza swali la mshiriki, huongeza mzigo wa kukagua majibu, na huifanya kazi ya miaka mingi itegemee bei ya siku. Fidia ndiyo iliyojadiliwa kidogo zaidi, ilhali ndiyo pekee inayoweza kuifungua hiari kwa mtu anayependa kutoa lakini anaogopa bili ya umeme mwishoni mwa mwezi.

Kwa hivyo, mradi wowote unaotaka kuongeza washiriki ungefaa kwanza ujiulize kama wanakosekana kwa kutopenda au kwa kutomudu. Wasiopenda huvutwa kwa kuelezwa kazi yenyewe na manufaa yake, na malipo madogo huenda yakawafukuza. Wasiomudu waondolewe mzigo, wala wasigeuzwe vibarua. Hiari yashinda utumwa, naam, lakini haina budi kuwa hiari ambayo hata mwenye kipato cha chini anaweza kuimudu.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Fafanua tofauti za kimaana baina ya tuzo, zawadi, fidia, ujira, marupurupu na takrima. Ni lipi kati ya maneno haya linalofaa kuelezea sarafu wanazopewa washiriki wa Gridcoin? Tetea jibu lako.

2. "Malipo madogo ni mabaya kuliko kutolipa kabisa." Jadili kauli hii kwa kurejelea shughuli yoyote ya kujitolea katika jamii yako.

3. Chama cha wanafunzi kimeombwa kuruhusu tarakilishi zake zitumiwe usiku kwa utafiti wa malaria. Ni nani mwenye mamlaka ya kutoa idhini hiyo, na ni gharama zipi zinazopaswa kujulikana kabla ya kuitoa?